Jumapili za Drovers

Godson alipokosa mara ya pili, watu waliojaa sebuleni kwa baba yake walipiga ukelele hadi jirani wa ukuta wa pili akajibu kwa kugonga na kitu kizito. Hakuna aliyemjali. Kwenye televisheni mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai, ulikuwa umepita kando ya mlingoti kama ndege anayekwepa mti. Aliyeupiga, mtoto wa Barking, mashariki mwa London, mtoto wa Kichaga, alikuwa amesimama kwenye uwanja wa watu huko Omaha, kofia yake ngumu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sufuria la moto asijue pa kulitua.

"Huo si mguu," akasema Thadei, baba mtu, toka kwenye kiti chake. "Huo ni mwiko."

Wakacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kwa watu walioshiba. Walikuwa wamekula ndizi nyama za Elieshi, sasa walikuwa kwenye maandazi yake na chai yake ya tangawizi, na mtoto waliyekuwa wakimcheka alikuwa wa tumbo lake. Elieshi alisimama mlangoni mwa jikoni na sinia mkononi. Siku hizi alishajua: ukizaa mtoto akatokea kwenye televisheni, umemzalia kila mwenye rimoti.

"Hebu nieleweshe tena, Bwana Thadei," akasema Paresh, Mhindi wa Moshi mwenye duka la simu na masanduku pale Barking, lakini usiku analala kwake Harrow. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha nusu ya waliokuwa mle ndani. "Hawa wengine wanavunjana mbavu kutwa nzima. Mtoto wako yeye kazi yake ni ipi?"

"Kazi yake ni moja. Wenzake wakishindwa kufika mwisho, anaitwa. Anapiga mpira upite katikati ya milingoti miwili. Pointi tatu. Anarudi kukaa kwenye benchi."

"Basi? Hata kukimbia hakimbii?"

"Hakimbii."

"Na hiyo moja ndiyo inamshinda?"

Sebule ikalipuka tena. Drovers, timu ya Godson, walikuwa hawajashinda mechi hata moja tangu msimu uanze, na kila Jumapili jioni watu walizidi kujaa kwa Thadei, maana Mswahili hapendi kukosa harusi wala msiba, na hii ilikuwa vyote viwili. Walitoka Barking, walitoka Ilford, na dada yake Thadei, Elinaja, alivuka mto toka Thornton Heath na mabasi mawili, kwa sababu alisema umbea wa kwenye simu hauna chumvi.

Elinaja ndiye aliyeinua mkono watu wanyamaze.

"Kaka, niseme la moyoni?"

"Uliwahi kulificha lini?"

"Yule mtoto hana ugonjwa wa mguu. Mguu wake ulifungwa hapa hapa Barking. Ulimfunga wewe."

Ghafla kila mtu akakumbuka chai yake. Hakuna mle ndani asiyejua habari ya Pasaka ile. Godson alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba anaacha masomo ya ufamasia akajaribu kupiga mpira kwa Wamarekani. Thadei hakubisha. Alikwenda uani, akashika kisu, akaanza kugawa mbuzi kama wanavyogawa Machame, kila mtu na kipande chake kwa umri na heshima yake, na alipofika kwa mwanawe wa pekee akamruka. Kipande cha Godson akampa Nickson, mtoto wa Elinaja, akasema watu wasikie: "Kuanzia leo mwanangu ni huyu." Kwa mataifa mengine ingekuwa nyama tu. Godson aliweka sahani tupu juu ya ukuta wa uani, akatoka kwa mlango wa mbele, na mlango huo hakuupita tena.

"Nyie wanawake na ushirikina," Thadei akasema, lakini sauti ilikuwa imempungua. Akaangalia watu wake, akaona wanasubiri, na Thadei hakuwa mtu wa kuwaacha watu wakisubiri. "Sikilizeni. Wiki ya pili ijayo Drovers wanakuja kucheza hapa hapa London. Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, Godson atakula chakula cha mchana kwenye nyumba hii. Mtamshika mkono wenyewe. Njooni wote!"

Makofi yakapigwa. Elieshi aliweka sinia chini kabla halijamponyoka.

*

"Umewaambia nini wale watu?"

Wageni walikuwa wameondoka. Thadei alikuwa amesimama mbele ya friji anatafuta nyama iliyobaki.

"Nimewaambia mtoto anakuja kwao."

"Nani kakuambia anakuja?"

"Utamwambia wewe. Si unaongea naye kila siku, unajifungia bafuni kama mwizi? Unadhani siwasikii?"

"Mpigie wewe, Baba Godi. Neno moja tu. Pole. Sema pole, ukate simu."

"Mimi?" Thadei akafunga friji. "Nimwambie pole mtoto niliyembadilisha nepi? Mzazi anaombwa radhi, mama, haombi. Umekaa sana na Wazungu."

"Na kwenu mzazi anamruka mwanawe kwenye nyama?"

"Sasa mimi ningejua vipi kama atatokea kwenye televisheni?"

Akasema hivyo, wala hakusikia alichosema. Elieshi alikisikia. Alimtazama mumewe, dereva wa basi la ghorofa anayefahamika njia nzima kwa utani wake, mtu asiyeweza kula peke yake hata kipande cha mkate. Akaona hasira yake mwenyewe haina pa kushika, kama mtu anayetaka kumpiga mwenziwe kofi akakuta uso una mafuta.

Godson alipopigiwa alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili alikisikia chote lakini ulimi ulikuwa wa London. No, Mum. Atamwona yeye hotelini, atamkumbatia, atampa tiketi za mechi. Nyumbani hapana.

"Baba yako ameshawaalika watu."

Basi hao watu watakula, Godson akasema. Si ndicho wanachofuata?

Jumapili iliyofuata akakosa tena, safari hii kutoka umbali ambao Thadei alisema hata Paresh na kitambi chake angefunga. Jumatatu Elieshi alifungua simu akiwa kwenye basi, akakuta mtu wa kundi la kanisa ametuma stika: Godson, mikono kichwani, mdomo wazi, na chini maneno "Nimesahau ufunguo ndani." Aliyeituma aliifuta haraka alipokumbuka nani yumo kwenye kundi. Watu kumi na kitu walikuwa wameshaicheka. Elieshi alihesabu majina yao moja moja, kila jina alikuwa amelilisha.

*

Jani aliliona kazini. Alikuwa anatunza wazee kwenye nyumba moja karibu na kituo cha Upney, na kila siku kwa miaka alipita mbele ya chungu kikubwa cha mapokezini bila kukitazama. Siku hiyo alikitazama. Yale majani marefu, mabichi, yenye mgongo katikati. Isale! Kwao linaota mpakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo, hapa Wazungu walilipanda sebuleni na kulifuta vumbi.

Mchaga hahitaji kuelezwa, ila kwa asiyejua: aliyekosa hulifunga jani la isale fundo, akampa mjumbe, mjumbe akampelekea aliyekosewa. Likishafika, mwenye kinyongo hana ruhusa tena ya kukataa. Akikataa, ubaya unahamia kwake. Watu wameuana kwa mashamba, wakapelekeana isale, wakala pamoja. Godson aliyajua hayo. Alikuwa akikaa Machame likizo nzima na bibi yake, na bibi alimfundisha isale kabla hajamfundisha kumwamkia.

Mjumbe alikuwepo, Elieshi mwenyewe. Aliyekosewa alikuwa njiani anakuja na ndege. Kilichopungua kilikuwa kimoja tu, aliyekosa.

Akavunja jani.

"Elieshi, is that a weed?" Bridget, meneja wake, alikuwa nyuma yake na kikombe cha kahawa.

"Limekauka, nalitoa," Elieshi akamjibu kwa Kiingereza, na jani likiwa mkononi mwake bichi kabisa, linatoa maji.

Bridget alilitazama jani, akamtazama mama mtu mzima wa miaka hamsini na ushee. Akasema mbele ya mgeni aliyekuwa anasaini kuingia kwamba mimea ni mali ya nyumba, kama vile sabuni na glovu, na angependa wafanyakazi wakumbuke hivyo. Elieshi akaomba radhi. Akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akalifunga jani fundo, akalilaza kwenye mkoba katikati ya kitambaa cha chai. Siku hiyo yeye peke yake kwenye familia nzima ndiye aliyekuwa ameomba radhi, na aliiomba kwa jani.

*

Hoteli ya timu ilikuwa mbali huko mwisho wa reli ya Metropolitan, kupita Harrow. Mlangoni walimuuliza yeye nani mara tatu, na mara ya tatu akasema kwa sauti, "Mimi ni mama yake," na mlinzi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Wa yule mpigaji," wote wawili wakamtazama kwa huruma ambayo alitamani kuirudisha usoni mwao.

Godson alikuwa amekonda. Alimkumbatia mamake mbele ya majitu yanayopita na viatu vya plastiki, wakakaa pembeni. Alimwambia, kwa Kiingereza cha chini chini, kwamba kocha ameshaleta mpigaji mwingine wa kufanyiwa majaribio. Jumapili akikosa, hana kazi.

Elieshi akafungua mkoba. Alikunjua kitambaa cha chai juu ya meza ya kioo.

Godson alilitazama lile jani lenye fundo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, na hapo Elieshi akajua kwamba limeingia.

"Baba ametuma?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema nimelileta mimi, mwanangu, kwa sababu nimechoka. Alisikia vicheko vya sebuleni, akaona ile stika, akaona mlango wake wa mbele.

"Baba yako."

"Yeye mwenyewe?"

"Angekutumia nani mwingine?"

"Angenipigia simu."

"Jambo kama hili halisemwi kwa simu. Bibi hakukufundisha?"

Godson akalichukua jani kwa vidole viwili. Mdomo ulikuwa unamcheza, kijana mkubwa vile. Akasema Jumamosi mchana wamepewa saa chache za kutoka. Atakuja. Ataleta na tiketi, mbili, viti vya familia za wachezaji. Kisha akamwomba mama yake amfundishe namna ya kujibu. Mtu aliyepelekewa isale anatakiwa kusema nini? Wakakaa pale hotelini, mama anasema, mtoto anafuatisha, mpaka maneno yakanyooka.

Kwenye treni ya kurudi Elieshi alijisemea kwamba mpango ni rahisi. Atamwambia Thadei kabla ya Jumamosi. Atachagua saa nzuri.

Hakuipata saa nzuri. Alhamisi Thadei alikuwa kwenye simu, anaalika. Ijumaa alikuwa uani na wanaume wawili wanachoma manyoya ya kichwa cha mbuzi, anaimba. Elieshi alisimama mlangoni, akaita, "Baba Godi." Akaitika kwa furaha, "Mama bingwa!" Maneno yakarudi yalikotoka.

*

Jumamosi watu walianza kuingia kabla viazi havijamenywa. Thadei alikuwa amevaa jezi ya Drovers yenye namba ya mwanawe, inayombana tumboni, na juu yake koti la suti. Elinaja alikuja na Nickson na kundi la wanawake wa Thornton Heath. Jacqueline, katibu wa kundi la kanisa, alikuja na simu mbili za kupigia picha, na Paresh alikuja na mkewe Tejal na bakuli la chevdo, vitafunio vya Kihindi, wakakaa upande usiofikiwa na moshi wa nyama. Viatu vilijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi.

"Wifi, mbona umepauka?" Elinaja akamuuliza jikoni. "Mtoto anakuja, wewe sura kama unapikia matanga."

"Joto la jiko."

"Hm! Mimi nimezaa pia. Joto la jiko nalijua."

Godson alipoingia walishangilia kama amefunga. Walioicheka stika yake ndio walikuwa wa kwanza kumkumbatia. Jacqueline akampiga picha na kila aliyetaka, na Nickson akamshika mkono bila kumtazama usoni. Thadei alikuwa amesimama mwisho wa sebule, mikono ameifungua, anasubiri kwa mtindo wa mtu anayejua kamera ziko upande gani.

"Mwanangu! Bingwa! Karibu kwako!"

Godson hakumkumbatia. Alisimama hatua chache mbele yake, akaingiza mkono ndani ya koti la timu, akatoa jani. Lilikuwa limeanza kunyauka lakini fundo lilikuwa palepale. Wasiokuwa Wachaga walidhani ni zawadi. Waliokuwa Wachaga walinyamaza wote kwa pamoja, na mzee mmoja akaweka glasi chini.

"Baba," akasema Godson, kwa Kiswahili chenye London ndani yake, neno moja moja kama mtoto kwenye mahafali. "Isale lako limenifikia. Sina neno na wewe tena. Limekwisha."

Thadei alibaki na mikono yake wazi, haina wa kumkumbatia.

"Isale gani?"

"Lako. Ulilonitumia."

"Kaka!" Elinaja akapaza sauti, jicho limemtoka kwa utamu wa habari. "Umempelekea mtoto isale? Wewe? Mzazi?"

Kama asingesema yeye, labda. Elieshi baadaye alikuwa akifikiri hivyo, kwamba kama Elinaja angemeza mate tu wakati ule, Thadei angelipokea lile jani, maana aliliona jicho lake likimwendea mwanawe, likalainika. Lakini swali lilikuwa limeulizwa mbele ya watu, na mbele ya watu Thadei alikuwa na jibu moja tu.

"Mimi? Nimwangukie mtoto? Sijatuma isale mimi! Sijatuma kitu!"

"Bwana Thadei," Paresh akasema polepole toka pembeni, "sema ni lako. Kijana ameshasamehe. Inakupunguzia nini?"

"Wewe Paresh mambo ya Wachaga yaache."

"Nimezaliwa Moshi kabla yako."

"Nimesema sijatuma!" Thadei akageuka, akamtafuta mkewe juu ya vichwa vya watu. "Mama Godi! Ni wewe?"

Watu wakapeana nafasi, ukatokea mfereji katikati ya sebule, Elieshi upande mmoja na kijiko cha pilau mkononi, mwanawe upande wa pili.

"Ni mimi," akasema.

"Isale la uongo!" Elinaja akapiga paja. "Mae! Wifi, hilo linamrudia aliyelipeleka, hujui?"

Godson hakumsikia shangazi yake. Alikuwa anamwangalia mama yake, na uso wake ulikuwa uleule wa kwenye televisheni, mpira ukipita kando. Akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama wako wawili tu: Hata kwa hili umenidanganya, Mum? Hili nalo?

"Godi, mwanangu, nilitaka tu uingie ndani."

"Nimeingia," akasema Godson kwa Kiswahili.

Akaliweka jani juu ya televisheni, akapita katikati ya watu, akauondoa mguu wa Nickson uliokuwa umekanyaga kiatu chake, akavaa, akatoka. Tiketi zilikuwa mfukoni mwake, ncha zake zilionekana. Zikatoka naye.

Ndipo Elinaja, ambaye hakuweza kuvumilia nyumba kunyamaza, akasema, "Basi tule, jamani. Chakula hakina kosa." Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akasogeza kiti kuelekea meza.

"Hakuna kula," akasema Elieshi.

"Wifi…"

"Tokeni."

Neno hilo halijawahi kusikika kwenye nyumba ile. Mwanamke wa Kichaga anaweza kumnyima mumewe, anaweza kumnyima mkwe, lakini mgeni aliyeona sufuria liko motoni hafukuzwi. Walimwangalia wakidhani wamesikia vibaya.

"Jumapili zote mmekaa hapo, mdomoni mkate wangu, mnamcheka mwanangu. Mwiko. Stika. Jacqueline, zima hiyo simu kabla sijaitumbukiza kwenye mchuzi. Wewe wifi, leo umekula zaidi ya wote na hata sahani hujashika. Viatu vyenu viko ukumbini. Tokeni kwangu."

"Elieshi!" Thadei akanguruma. "Hawa ni wageni wangu!"

"Basi wafuate."

Wakatoka. Walitoka wakinong'ona, wakikosea viatu, na kabla wa mwisho hajafika kituo cha basi habari zilikuwa zimeshafika Reading na Birmingham. Paresh peke yake alirudi toka kwenye geti, akachukua bakuli lake la chevdo, akamimina nusu kwenye sahani ya Elieshi, akaenda zake.

*

Jumapili Drovers walicheza London, safari ya treni mbili kutoka nyumbani kwao, na wazazi wa mpigaji wao waliangalia kwenye televisheni kama vile mtoto yuko Omaha. Thadei alikaa kwenye kiti chake. Viti vingine, vile vya kuazima na vile vya plastiki, vilikuwa bado vimepangwa, havina mtu. Elieshi alisimama palepale mlangoni mwa jikoni. Hawakuwa wamesemeshana tangu jana.

Mechi ilikuwa mbaya, matope na kuangushana. Wakati umebaki mdogo kabisa, Drovers nyuma kwa pointi mbili, Godson akaitwa. Picha ikamsogelea karibu, wakaona jasho kwenye nyusi. Mtangazaji akasema amezaliwa mji huu huu, na kwamba bila shaka familia yake iko hapa uwanjani.

Thadei akaangalia chini.

Godson akapiga. Mpira ulipaa juu, ukayumba kidogo, ukapita katikati ya milingoti, katikati kabisa, kana kwamba hakukuwa na mahali pengine pa kupita. Uwanja ukalipuka. Wachezaji wakamrukia mpaka akapotea chini yao.

"Ameweka!" Thadei alikuwa ameshasimama, mikono juu, amegeuka kulia, amegeuka kushoto. "Ameweka! Mmeona? Mme…"

Viti vya plastiki vilimtazama.

Elieshi alikuwa anatokwa na machozi lakini hakusogea. Ndipo simu ya Thadei ikaanza kuita, na kabla hajaichukua ikaita tena. Alikuwa Elinaja. Sauti yake ilijaa chumba hata bila kuwekwa spika.

"Kaka! Si nilisema? Si nilisema mguu ulikuwa umefungwa? Umefunguka! Isale limefanya kazi! Huku Thornton Heath watu wanaserebuka, wote wanasema hivyo hivyo, Thadei alijishusha kwa mwanawe, Thadei ni mwanaume! Kaka, niambie kweli, jana uliona aibu tu mbele za watu, sivyo? Uliiona aibu. Lile jani lilikuwa lako."

Thadei akamtazama mkewe. Alitazama kwa haraka, kama dereva anavyotazama kioo cha pembeni kabla ya kuingia barabara ambayo si yake.

"Sasa dada," akasema, na sauti ya utani ikaanza kumrudia, "mambo mengine mwanaume hayatangazi. Mtoto ni wangu. Ningemwacha? Lilikuwa langu. Ndiyo, lilikuwa langu."

Vigelegele vikasikika upande wa pili. Akakata simu, akiwa na tabasamu nusu. Nusu nyingine ilikuwa inasubiri kuona hali ya hewa.

"Vizuri," akasema Elieshi. "Sasa mpigie."

"Nani?"

"Mwanao. Dada yako umemwambia. Mwambie na yeye kwamba lilikuwa lako. Ukimwambia wewe, uongo wangu utakuwa kweli, na mimi nitapata mtoto wangu. Mpigie, Baba Godi. Saa hizi wanaingia vyumbani, ana simu mkononi."

Thadei aliishika simu. Aliangalia kioo chake, akakisogeza kwa kidole gumba juu, akakisogeza chini. Majina yote ya Watanzania wa London yalipita pale, wachungaji na mafundi magari na wauza magimbi, mamia ya watu. Aliendelea kusogeza muda mrefu kuliko herufi moja inavyohitaji.

"Namba yake," akasema mwishowe, "sina."

Elieshi hakushtuka, lakini aliketi, mara ya kwanza siku ile, kwenye kiti kimoja cha plastiki kilichotazamana na cha mumewe. Namba ile aliijua kwa moyo. Angeweza kuisoma amelala.

"Niombe," akasema.

Kwenye televisheni walikuwa wanarudia picha za Godson akibebwa mabegani. Thadei alifungua mdomo. Aliufunga. Elieshi alikuwa amemkazia macho na alikuwa tayari kukaa hapo mpaka kesho, na alimwona, wallahi alimwona kabisa, lile neno likipanda kooni mwa mumewe, likafika karibu na meno.

Simu ikaita. Jacqueline.

Thadei aliitazama. Akamtazama mkewe. Ikaita tena.

"Halo, Jacqueline!" akasema, akisimama, akielekea dirishani. "Umeona mambo ya mwanangu?"